Mwongozo wa Vancouver na Mfasiri Asiyetajwa

Walimu na wanafunzi wa idara za Kiswahili huombwa mara kwa mara na wenzao wa vitivo vya tiba kutafsiri hojaji na fomu za ridhaa. Kazi huja kwa haraka, hulipwa kwa ukurasa, nayo huishia hapo. Baada ya mwaka mmoja au miwili makala hutokea katika jarida la tiba, na kazi yote ile ya lugha imekuwa sentensi moja: hojaji ilitafsiriwa kwa Kiswahili, kisha ikarudishwa kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mwongozo unaoruhusu sentensi hiyo ipite. Tutausoma kama tunavyosoma matini yoyote yenye mamlaka, kwa kuangalia unasema nini na unanyamazia nini.

Mnamo Januari 1978 kikundi cha wahariri wa majarida ya tiba kilikutana mjini Vancouver, Kanada, ili kuafikiana sura moja ya muswada, hasa namna ya kuandika marejeleo. Masharti yao yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Kikundi kile kikakua kikawa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, na masharti yakapanuka kutoka nukta na mikato hadi maadili: nani anastahili kuitwa mwandishi, nani ana mgongano wa maslahi, na (tangu mwaka 2005) sharti la kusajili jaribio la tiba kabla ya kuandikisha mgonjwa wa kwanza. Mwaka 2013 mwongozo ulibadilishwa jina, ukaacha kuitwa Masharti ukaitwa Mapendekezo. Mwandishi asidanganywe na upole wa jina jipya. Jarida linaloufuata likipokea muswada usiolingana nao, muswada hurudi.

Kama mwongozo wa uandishi, ni matini nzuri. Unadai ikisiri isiahidi kitu kisichomo ndani. Unadai Utangulizi uishie kwenye lengo la utafiti, Matokeo yasirudie kwa maneno yale yaliyokwisha wekwa katika jedwali, na Mjadala ukiri mipaka ya utafiti wenyewe. Tasnifu nyingi za fasihi zingepungua uzito kwa manufaa kama zingefuata nusu ya hayo. Ni kweli kwamba mwanasayansi Peter Medawar, katika mazungumzo yake ya redio ya BBC mwaka 1963, aliushutumu mpangilio huu kuwa unatoa picha ya uongo ya jinsi mtafiti anavyofikiri hasa. Lakini hilo ni suala la falsafa, nasi tuliache.

Kasoro inayotuhusu imo katika sehemu ya Mbinu. Hapo mwandishi anatakiwa aeleze njia alizotumia kwa kiasi cha kumwezesha mtu mwingine kuzirudia. Akitumia mashine, ataje jina la kampuni iliyoitengeneza na mahali ilipo, katika mabano. Akitumia dawa, ataje jina lake, kipimo chake na njia ya kuitia mwilini. Haya ni madai ya haki kabisa. Sasa tuchukue utafiti ambao hauna mashine wala dawa, bali maswali thelathini aliyoulizwa mama mmoja baada ya mwingine katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Chombo cha kupimia hapo ni maneno. Mwandishi wa makala hayo anaweza kutuambia mizani ya kupimia watoto ilitengenezwa na nani, huku akituacha bila kujua hata neno moja ambalo mama yule alilisikia.

Mtu atauliza, je, kuna hasara gani? Hasara ipo katika namba zenyewe. Uliza kama mtoto alipata "homa" katika wiki mbili zilizopita. Kwa msikilizaji mmoja homa ni joto la mwili, kwa mwingine ni ugonjwa wowote unaomlaza mtu, na kwa wengi wa Nairobi ni mafua. Mwandishi anayesema tu kwamba hojaji ilikuwa "kwa Kiswahili" hajasema Kiswahili kipi, na mkimbizi aliyetoka Bukavu hazungumzi kama mtu wa Unguja. Asilimia itakayochapishwa itakuwa na desimali yake safi, lakini itakuwa imejumlisha mambo matatu tofauti chini ya jina moja.

Wapo waliolitambua hili mapema. Mwaka 1996 zilichapishwa tafiti mbili zilizofanywa Bagamoyo, Tanzania, kuhusu majina ambayo wenyeji huyapa maradhi ya homa, na hususan kuhusu degedege. Zilionyesha kwamba majina hayo hayalingani moja kwa moja na yale ya kitabibu, na kwamba degedege halikuhesabiwa na wengi kuwa malaria, hivyo mgonjwa alipelekwa kwanza kwa mganga. Hapo uhai wa mtoto ulitegemea jina la ugonjwa. Mtafiti aliyeuliza habari za "malaria" pekee asingewapata watoto wale katika hesabu yake.

Utetezi wa kawaida ni kwamba tafsiri ilirudishwa kwa Kiingereza na mfasiri wa pili, matini mbili zikalinganishwa, zikafanana. Njia hii imetumika sana tangu makala ya Brislin ya mwaka 1970, na ina faida yake: hukamata swali lililorukwa au ukanusho uliopotea. Lakini haikamati Kiswahili kibovu. Waingereza husema mtu anajihisi yuko chini, maana yake ana huzuni. Mfasiri wa neno kwa neno ataandika "unajisikia kuwa chini". Mfasiri wa pili, ambaye anajua Kiingereza vizuri, ataitambua asili yake mara moja na kuirudisha kama ilivyokuwa. Matini mbili zitafanana kabisa, na mgonjwa atabaki anashangaa chini ya nini. Kwa hakika, kadiri tafsiri inavyokuwa ya kitumwa ndivyo inavyofaulu mtihani huu.

Wala si kweli kwamba majarida ya tiba hayana nafasi ya maneno yetu. Mwaka 1872 daktari James Christie aliandika katika British Medical Journal kuhusu mlipuko wa homa huko Unguja, na neno la Kiswahili "kidinga pepo" likakaa katika anwani ya makala. Mwaka 1985 The Lancet lilichapisha makala kuhusu ugonjwa mpya uliozuka Rakai, likiuita kwa jina walilolitumia wenyeji, jina la Kiingereza ambalo Waganda walikwisha kulifanya lao, siliimu. Mfano bora zaidi ni wa mwaka 2003 katika JAMA, makala kuhusu tiba ya sonona kwa njia ya vikundi katika vijiji vya Masaka na Rakai. Watafiti hao walianza kwa kuwauliza watu wenyewe huliitaje tatizo hilo, na jina la Kiluganda linalotokana na "okwekyawa", yaani kujichukia, likatumika katika kuwapata washiriki. Tofauti ni kubwa. Katika makala mawili ya kwanza neno la wenyeji ni jina tu la ugonjwa. Katika haya ya mwisho limekuwa sehemu ya kipimo.

Sasa tumgeukie mfasiri mwenyewe. Mwongozo una vigezo vinne vya uandishi, navyo hutakiwa vyote kwa pamoja: kuchangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti au katika kupata, kuchambua au kufasiri data, kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kusahihisha lugha kumetajwa miongoni mwa kazi zisizotosha peke yake kumfanya mtu mwandishi. Mahali pake ni katika Shukrani. Ni sawa. Aliyeondoa makosa ya sarufi hakubuni utafiti. Ila mfasiri aliyekaa wiki nzima na wauguzi akitafuta swali litakaloeleweka amefanya kazi nyingine kabisa. Huyo ameshiriki kuunda chombo cha kupimia. Mwongozo wenyewe unasema kwamba anayetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hivyo vingine. Kifungu hiki wafasiri wachache hukijua, na ni vema kukitaja kabla ya kazi kuanza, si baada ya makala kutoka. Lawama, hata hivyo, si ya madaktari peke yao. Mfasiri anayekabidhi kurasa bila maelezo ya maneno aliyoyachagua na aliyoyakataa hana ushahidi wa kuonyesha.

Tangu mwaka 2023 mwongozo unamtaka mwandishi atangaze, anapowasilisha muswada, kama alitumia programu za akili bandia, na aeleze alizitumia vipi. Ni jambo jema. Lakini binadamu aliyetafsiri maswali yote ya utafiti bado anaweza kupita bila kutajwa.

Kuna mlango mmoja ambao mwongozo umeuacha wazi. Unaruhusu makala yaliyokwisha chapishwa yachapishwe tena kwa lugha nyingine, hata kwa ufupi, iwapo wahariri wa majarida yote mawili wamekubali, muda wa kutosha umepita, matokeo hayakubadilishwa, na msomaji ameambiwa waziwazi kwamba hii ni mara ya pili. Makala kuhusu Bagamoyo au Nakivale yangeweza hivyo kusomwa kwa Kiswahili na wauguzi wa huko. Kinachozuia ni hesabu. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani haiingizi tafsiri ya namna hiyo katika orodha yake ikiwa makala ya asili yamo tayari, na mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo hatatumia miezi kwa kazi isiyoonekana katika orodha. Vyuo vyetu ndivyo vinavyopanga alama za kupandisha vyeo, na hapo hakuna kamati ya Vancouver inayovizuia kuihesabu tafsiri hiyo.