Pambo la Ngazini

Msomaji kijana, ukipanda ngazi za jengo la ghorofa mjini Nakuru, huenda ukaona ua limeoteshwa katika kopo kuukuu kando ya mlango. Usilipite kwa dharau. Jiulize: kwa nini mtu apambe mahali pasipo pake?

Tazama mbali kwanza. Mwaka 1955 serikali ya Umoja wa Kisovieti iliamuru majengo yasitiwe mapambo ya ziada, ili nyumba zijengwe nyingi kwa gharama ndogo. Jamaa wengi walipata makao, lakini mlango ulifanana na mlango, na ngazi ikawa ya wote, yaani haina mwenyewe. Ndipo baadhi ya wakaaji wakaleta maua, picha na rangi.

Lamu ina desturi nyingine. Daka, lenye mabaraza ya mawe mbele ya mlango wa nakshi, lilijengwa na mwenye nyumba ili ampokee mgeni kwa heshima. Pambo hilo lilitangaza pia mali na nasaba yake.

Nakuru ilikua kwa reli, iliyofika mwaka 1900, ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2021. Mpangaji wake hana daka. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kopo lake laishinda nakshi kwa jambo moja: mwenye nakshi hupamba chake, mpangaji hupamba cha wote, hali ajua kesho aweza kuhama.

Lakini kopo likimkwaza mzee gizani, uzuri wake umebatilika. Basi nawe ukitaka kupamba ngazi, anza kwa kuifagia.