Sifa ya Kutafuta Kosa

Kazi ninayoisifu hapa haina cha kuonyesha ikishakamilika. Hakuna kifaa kipya wala bodi iliyochomelewa. Kilichobadilika ni mistari michache ndani ya faili, na vitufe vya sauti vya kompyuta mpakato vinaitika tena. Nimeiona ikifanywa Lembeni, kwenye kibanda cha fundi kilicho kando ya barabara kuu kati ya Same na Mwanga, na tangu hapo naihesabu miongoni mwa kazi za ufundi zinazostahili heshima kubwa.

Mwalimu mmoja alileta laptopu ya mtumba yenye mfumo wa Linux. Ilikuwa imepokea sasisho la kerneli, ule moyo wa mfumo unaounganisha programu na vyuma. Kuanzia hapo vitufe vya kupandisha, kushusha na kuzima sauti vikagoma. Mafundi wengi wangesema papo hapo, "Hii tunaipiga upya," wakafuta kila kitu pamoja na mitihani ya mwalimu. Huyu aliuliza, "Ilianza lini, mwalimu?"

"Jana jioni ilikuwa nzima, fundi. Ikaniomba nikubali mabadiliko, nikakubali."

Fundi akashika kipanya, akavuta alama ya sauti kwenye skrini. Spika zikaitika. Kwa kitendo hicho kimoja alikuwa ameshaondoa nusu ya mashaka: kadi ya sauti ni nzima, draiva yake nzima, spika nzima. Kosa lilikuwa upande wa kibodi.

Huku Upareni jambo hili halihitaji maelezo marefu. Maji yasipofika shambani, mtu hachimbi mfereji mpya. Anaufuata uliopo, akipanda nao hadi kwenye ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji, aone yanakatikia wapi. Kitufe nacho kina njia yake. Ukikibonyeza, kibodi hutuma msimbo. Kerneli huupokea na kuugeuza kuwa namba ya kazi: 113 ni kuzima sauti, 114 kushusha, 115 kupandisha. Namba hiyo ndiyo inayosikiwa na programu za juu, nazo ndizo zinazoamuru sauti.

Akafungua programu iitwayo evtest, akabonyeza herufi moja moja. Kila herufi ilitoa namba yake. Vitufe vya sauti vilitoa msimbo mtupu. Akasoma kumbukumbu za kerneli kwa amri ya dmesg, na humo kerneli yenyewe ilikuwa imeandika kwamba kuna kitufe kimebonyezwa isichokitambua, ikataja na msimbo wake. Basi kibodi haikuwa imekufa. Ilikuwa inatuma, na anayepokea hajui tena maana yake.

Hatua iliyofuata ndiyo niliyoipenda zaidi. Alizima mashine, akaiwasha, na kwenye menyu ya mwanzo akachagua kerneli ya zamani, kwa kuwa Debian na Ubuntu huibakiza ile ya awali baada ya kuweka mpya. Vitufe vikafanya kazi. Ushahidi ukawa umekamilika bila mtu kubahatisha. Angeweza kuishia hapo akamwambia mwalimu atumie ya zamani siku zote, lakini kerneli ya zamani hukosa marekebisho ya usalama yanayokuja na mpya. Akarudi kwenye mpya, akaandika kwenye faili la udev, sehemu ya mfumo inayoshughulikia vifaa, mistari ya kuoanisha kila msimbo na kazi yake, akawasha upya. Sauti ikapanda.

Linus Torvalds alianza kuiandika kerneli hii mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kanuni anayoisimamia kwa ukali ni kwamba sasisho lisivunje kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji. Desemba 2012 alimkaripia hadharani mwenzake mmoja kwa badiliko lililoathiri programu za sauti. Toleo jipya hutoka kila wiki 9 au 10, na huweza kubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Hata hivyo mtu mvumilivu, akiyagawa nusu kwa nusu na kupima kila mara, hulifikia lenye kosa kwa majaribio 14 hivi. Malalamiko ya mwalimu wa Lembeni ni ushahidi ambao watunzaji wa kerneli wanauhitaji, na mistari ile ikipelekwa kwa watunzaji wa udev na kukubaliwa, kila mwenye laptopu ya aina hiyo, awe Bukoba au Oslo, atanufaika bila kujua ilikotoka. Sisi si wageni katika kazi ya kuchangia programu huria: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi, Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili.

Mwalimu aliuliza, "Sasa umebadilisha kifaa gani?" Fundi akamjibu kwamba hakuna, na hapo nikaona uso wa mteja unaopiga hesabu ya bei upya. Tumezoea kulipia spea. Ujuzi wa kujua kwamba spea haihitajiki tunautaka bure. Si haki, na kwa Upareni ni kusahau heshima ya mafundi: Washana, ukoo wa wahunzi, waliwahi kuitawala Ugweno ya huku huku.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipeleka mashine kwa fundi mweleze ilianza lini na ulifanya nini kabla yake. Akitaka kuifuta kabla hajauliza lolote, ichukue uende kwingine. Na akilipata kosa bila kufungua hata skrubu moja, mlipe ujira wake kamili.