Madaraja ya Bei ya Spea

Mafundi wa pikipiki husifiwa kwa masikio yao. Fundi anasikiliza injini ikinguruma, anakwambia ni vali, na kweli ni vali. Mimi nawasifu pia kwa ustadi mwingine ambao mteja hauoni, yaani namna wanavyopanga faida ya spea.

Kazi hii haikosekani. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimejaa kila mahali, na barabara ya Embu kwenda Meru, inayoteremka na kupanda mabonde ya Thuci na Nithi, hula breki na klachi bila huruma. Runyenjes, Chuka, Nkubu, Makutano ya Meru: kila kituo kina gereji yake. Spea nyingi hutoka kwa wauzaji wa jumla wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na hupandishwa matatu kama mzigo.

Anayeanza biashara huona njia moja rahisi: nunua, ongeza asilimia 40, uza. Tuseme balbu imenunuliwa kwa shilingi 80. Itauzwa 112. Faida ni 32, na ndani yake kuna kijana aliyetumwa stendi kuchukua mzigo, simu iliyopigwa kuuagiza, na muda wa fundi kuitafuta kwenye sanduku. Hapo ametoa sadaka. Sasa chukua bloku na pistoni yake iliyonunuliwa kwa 4,500. Kwa asilimia hiyohiyo itauzwa 6,300, na mwenye pikipiki, ambaye ana simu na marafiki, atavuka barabara akainunue kwingine. Kwenye kitu kidogo fundi amejinyonga, kwenye kikubwa amefukuza mteja.

Ndiyo maana waliobobea huacha asilimia ishuke kadiri gharama inavyopanda. Usumbufu wa kuagiza kebo ya klachi haupishani sana na wa kuagiza bloku, kwa hiyo kitu kidogo kinahitaji asilimia kubwa ili kijilipie. Kikubwa kina shilingi nyingi hata kwa asilimia ndogo, ingawa kinafunga mtaji zaidi na kikirudishwa kibovu kinauma zaidi.

Utamu wenyewe uko kwenye mipaka, pale asilimia moja inapoishia na nyingine kuanza. Chukua fundi aliyejiwekea kanuni kwamba chini ya 500 aongeze asilimia 60, kuanzia 500 aongeze 30. Spea ya 480 itauzwa 768. Spea ya 520 itauzwa 676. Kilicho ghali dukani kimekuwa rahisi gerejini! Mteja mmoja mwenye macho akiziona risiti mbili pamoja, fundi hana la kujitetea.

Dawa yake kila mwajiriwa wa Kenya anaibeba kwenye hati yake ya mshahara. Kodi ya PAYE hukata asilimia 10 kwenye shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, kisha asilimia 25 kwenye kipande kinachofuata, na kuendelea. Aliyevuka mpaka hatozwi upya kwa mshahara mzima. Fundi anaweza kugeuza ngazi hiyo ielekee chini: shilingi 100 za kwanza za gharama aongeze asilimia 100, kutoka hapo hadi 1,000 aongeze 40, zinazozidi aongeze 12. Balbu ya 80 inauzwa 160. Ya 480 inakuwa 732, ya 520 inakuwa 788, na ile bloku ya 4,500 inafika 5,380. Hakuna mahali bei inaruka wala kurudi nyuma. Hesabu hii inaingia kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani, na ninaiona nzuri kama uchomeleaji usioonyesha mshono.

Kanuni ikishakamilika, fundi mzoefu huitoboa kwa makusudi. Betri na tairi kila bodaboda anajua bei zake, kwa hiyo hapo anashusha hata chini ya kanuni, maana ndizo bei zinazompa jina la kuwa ghali au nafuu. Spea iliyoletwa na mteja mwenyewe haina nyongeza. Inapanda leba, na udhamini haupo. Haraka nayo ina bei yake. Pikipiki ya miraa iliyokwama ikitoka Maua haiwezi kungoja kesho, kwa kuwa miraa hupoteza thamani ndani ya siku mbili hivi, na dereva wake analipia saa kwa hiari kabla hata hajaulizwa. Upande wa pili yuko mkulima wa majani chai anayesema atalipa bonasi ikitoka, ambayo kwa kawaida ni karibu Oktoba. Bei ya huyo inabeba miezi ya kungoja. Mimi ningependa aambiwe hivyo waziwazi, kuliko kuongezewa kimyakimya kwenye plagi.

Kinachowashinda wengi ni kuirudia hesabu. Mipaka imeandikwa kwa shilingi, na shilingi haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Balbu ya 80 ikifika 110 imeshavuka daraja la kwanza, na nyongeza yake, iliyokuwa asilimia 100, imepungua hadi kama 95. Kwenye balbu moja si kitu, lakini zikipanda spea zote pamoja, sehemu kubwa ya duka husogea kwenye asilimia ndogo huku kodi ya kibanda ikipanda. Fundi makini husogeza mipaka juu. Mwaka uleule shilingi ikapanda hadi karibu 130 kwa dola, na mzigo mpya ulipoingia kwa bei nafuu, mipaka ilipaswa kurudi chini. Hilo halihitaji kukumbushwa na serikali. Bodaboda wa Makutano wanajua bei ya kebo kuliko wanavyojua tarehe zao za kuzaliwa, na wangeuliza.