Kushirikiana sio kushirikishwa: swali la Hard Blasters nililolikuta Mikumi

Mwezi uliopita nilikuwa Mikumi nasubiri usafiri wa kwenda Kilosa, kile kipande cha barabara kinachopitia Ulaya (ndiyo, na sisi tuna Ulaya yetu, na haihitaji viza). Nikaingia kwa mama lishe mmoja karibu na stendi kupoteza muda. Redio ikapiga "Zali la Mentali". Pale Mikumi sauti ile haipiti hivihivi, maana mwenye nayo, Joseph Haule, yaani Professor Jay, alikuwa mbunge wao kuanzia 2015 mpaka 2020. Nikajua siasa imeshaanza. Haikuwa hivyo. Kijana mmoja wa bodaboda alimgeukia mzee aliyekuwa anakula meza ya pembeni.

"Shikamoo mzee. Hivi hawa jamaa wa Hard Blasters, mbona hawakurudi tena studio wakatupa Funga Kazi nyingine?"

"Marahaba. Wewe ukiachana na mwenzio, unarudi kula naye sahani moja?"

Watu wakacheka, mjadala ukafungwa. Mimi nikapanda gari nikiwa sijaridhika. Walioachana wanakula sahani moja kila siku jamani. Wanakutana msibani, wanakutana kwenye harusi za watoto wao, wanapeana mikono na maisha yanaenda. Wanamuziki walioachana nao wanasalimiana, wanapiga picha pamoja, wanasifiana kwenye mahojiano. Ila wimbo hautoki, au ukitoka unakuwa wa heshima tu, wa kumbukumbu. Hilo ndilo la kuelezwa.

Majibu ya haraka ni hela na majivuno. Sina ugomvi nayo, lakini yanaeleza kwa nini watu wanaachana. Hayaelezi kwa nini hawarudiani. Hela iliyowagombanisha inaliwa ikaisha, na majivuno hupungua kadiri mvi zinavyoongezeka. Kungekuwa hakuna kingine, kila kundi la Bongo lingekuwa limesharudi.

Tuanze na kundi lenyewe. Hard Blasters Crew tunayoikumbuka ni ya watu watatu: Fanani, Big Willy, na kijana aliyekuwa anajiita Nigga Jay. Walianza kusikika miaka ya 1990, wakati kuchana kwa Kiswahili kulikuwa bado kunahitaji kuombewa radhi kwa wazazi. Mwaka 2000 ikatoka Funga Kazi, na humo ndani mna "Chemsha Bongo". Wale wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Ilikuwa kaseti ya kwanza ya rap ambayo baba alikaa akaisikiliza, akasema huyu mtoto ana la kusema. Na jina la albamu lilikuwa kama wamejitabiria: kazi ikafungwa kweli. Mwaka uliofuata, 2001, Nigga Jay alikuwa ameshakuwa Professor Jay, na albamu mkononi ilikuwa yake peke yake, Machozi, Jasho na Damu, iliyotengenezwa na P-Funk Majani.

Fanya jaribio dogo. Muulize mtu yeyote "Chemsha Bongo" ni ya nani. Tisa kati ya kumi watakujibu ya Profesa. Ni ya kundi. Jina jipya lilirudi nyuma likavuta na wimbo wa zamani. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia iwe hivyo, ndivyo masikio yetu yanavyofanya kazi. Lakini hebu jiweke upande wa waliobaki. Nyumba mliyojenga watatu, leo mpita njia anaionyesha kwa kidole anasema ile ni ya fulani.

Sasa sikiliza "Ndio Mzee", wimbo mkubwa wa albamu ile. Mgombea anasimama jukwaani kumwaga ahadi ambazo hata yeye hazimwingii akilini, na umati unamwitikia kwa maneno hayohayo ya jina la wimbo. Tumeshausifu mno kama kejeli ya kisiasa, na unastahili. Mimi nataka kuuangalia kama utungo wa mtu aliyetoka kundini juzi. Profesa hakuingia studio peke yake. Aliingia na umati. Alichukua nafasi ya wenzake wawili akawaweka watu wengi wasio na majina, ambao kazi yao ni kuitika. Mwanakundi ana haki ya kukwambia ubeti wako mbovu, rudia. Kiitikio hakina haki hiyo. Ndiyo maana wimbo unachekesha, na ndiyo maana unatisha ukiusikiliza usiku. Miaka kumi na nne baadaye mtunzi mwenyewe alisimama mbele ya umati wa kweli, Mikumi, akiomba kura. Wa Mikumi wanajua kilichofuata kuliko mimi. Mwaka 2015 walimwitikia, 2020 kiti kikaenda kwa mwingine.

Hapo nafika kwenye hoja yangu, na naomba msomaji anivumilie na sarufi kidogo. Kiswahili kina neno kushirikiana. Ule mkia wa -ana ni wa watu sawa: kupendana, kupigana, kusaidiana. Hakuna mwenyeji wala mgeni. Bongo Fleva ikatuletea neno jingine, kushirikishwa. Fulani kamshirikisha fulani. Ni kitenzi kilekile lakini kimeingiliwa na mambo mawili: kuna anayefanya mwingine ashiriki, na kuna anayefanyiwa. Wimbo una mwenyewe. Mwingine kaalikwa, anapewa ubeti mmoja, anashukuru, anaondoka. Jina lake linaandikwa baada ya herufi mbili ndogo.

Tangu makundi yaanze kuvunjika, mlango pekee uliobaki wazi ni huo wa kushirikishwa. Na kwa mgeni wa kweli ni mlango mzuri sana! "Zali la Mentali" bila Juma Nature ingekuwa nusu. Ferooz, aliyetokea Daz Nundaz, alipotoa "Starehe" alimshirikisha Professor Jay, na ule wimbo wa mgonjwa anayejutia maisha yake ukawa mazungumzo ya watu wawili, kitu ambacho mtu mmoja asingekiweza. Angalia lakini ni nani na nani: mtu kutoka kundi hili na mtu kutoka kundi lile. Hawajawahi kumiliki kitu pamoja, kwa hiyo hakuna anayeshushwa. Sasa mwalike uliyeanza naye, uliyekuwa unagawana naye maiki moja na nauli moja ya daladala. Unamwambia, njoo kwenye wimbo wangu. Neno "wangu" tayari limeshamaliza kazi. Akija, amekubali kwamba yeye ni mgeni kwenye kitu alichozaliwa nacho. Akikataa, mtasema ana roho mbaya.

Mtu atanibishia kwamba muziki wa dansi ulikuwa na kuhama kwingi kuliko huku kwetu, na watu walikuwa wanarudi. Kweli, tena mfano huo unanisaidia. Muhidin Gurumo aliondoka Juwata mwaka 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park. Katikati ya miaka ya 1980 akaondoka tena, akaenda Safari Sound. Na bado mwishoni alirudi Msondo, ndiyo Juwata ileile kwa jina jingine, akaimba hapo mpaka alipostaafu 2013. Hassan Bitchuka naye alizunguka kwenye nyumba hizohizo. Kwa nini waliweza? Kwa sababu ilikuwepo nyumba. Juwata ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Magitaa, ngoma, ukumbi na ratiba ya Jumamosi havikuwa vya Gurumo wala vya aliyegombana naye. Unaporudi hurudi kwa mtu, unarudi kazini. Unachukua nafasi yako kwenye mstari wa waimbaji, na yule msiyesemeshana naye anasimama hatua mbili kutoka kwako, mnaimba kiitikio kimoja kwa sababu ndicho kilichoandikwa.

Kundi la rap halina nyumba. Lina jina tu, na jina haligawanyiki. Waulize TMK Wanaume: walipopasuka mwaka 2006, wengine wakabaki Wanaume Family, Juma Nature akaenda kuunda Wanaume Halisi. Hilo neno "halisi" limebeba kesi nzima ya mirathi.

Nakiri Mbaraka Mwinshehe ananiharibia hesabu. Huyu ni wa mkoa wetu, na aliipaisha Morogoro Jazz kuliko mtu yeyote. Nyumba ilikuwepo, vyombo vilikuwepo, lakini alipoondoka 1973 hakurudi. Akaunda Super Volcano na akabaki nayo hadi ajali ilipomuua Kenya, Januari 1979. Jibu nililonalo ni kwamba Mbaraka alikuwa ameshajijengea nyumba yake mwenyewe, na miaka sita ni michache. Ningependa kuamini angerudi siku moja. Siwezi kuthibitisha.

Kuna jingine ambalo mashabiki wa kundi hatupendi kulisema. Machozi, Jasho na Damu ni albamu bora kuliko Funga Kazi. Imepangwa vizuri zaidi, ina wahusika zaidi, na inajua inamsema nani. Ingekuwa mbaya, kurudi kungekuwa rahisi, mtu angerudi nyumbani ameinamisha kichwa na wenzake wakampokea. Ikishakuwa nzuri, anarudi kufanya nini? Na wenzake wampokee vipi mtu ambaye hakupungukiwa? Ninachokikosa mimi kwenye kazi zake za baadaye, hata zile ninazozipenda, ni kukatizwa. Ni ile sauti nyingine inayoingia kabla hujamaliza raha ya ile ya kwanza, na usiyoweza kuifukuza kwa sababu ina haki ya kuwepo sawa na wewe.

Haya nayasema kama mtu mwenye doa. Miaka ya mwanzoni ya 2000, pale Kilosa, tulikuwa wawili. Tulikariri Funga Kazi yote kisha tukaanza kuandika ya kwetu kwenye kaunta buku moja. Ubeti wangu, ubeti wake, ubeti wangu. Tulichana kwenye mahafali mawili tukadhani tumefika. Tukagombana kwa upuuzi, tukaachana, daftari akabaki nalo yeye. Baadaye nikiwa Morogoro mjini nikapata nafasi kwenye studio ndogo, nikatumia mistari niliyokuwa bado naikumbuka. Mingine ilikuwa yake, na nilijua. Nikampigia simu nikamwambia, kwa furaha kabisa, "Kaka, nataka nikushirikishe." Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwenye daftari letu?" Akakata.

Safari hii nilipofika Kilosa nikamfuata. Ana duka la spea za pikipiki. Tukasalimiana, akanipa kiti, akaagiza soda. Tukaongea habari za watoto, za mvua, za treni ya umeme inayosimama Kilosa siku hizi. Mwisho nikamuuliza daftari. Akasema lilikwenda na maji ya Mkondoa, mafuriko yale ya mwanzoni mwa 2010, pamoja na godoro na vyeti. Miaka yote hiyo mimi nilijua analo.

Halafu akaanza kuchana, taratibu, ubeti wake wa kwanza, bila kukosea neno. Akafika pale ninapoingia mimi, akaniangalia. Nikafungua mdomo. Mteja akaingia kuulizia plagi.