Manitoli Ipimwe kwa Gramu, Si kwa Chupa

Barabara ya Morogoro–Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Majeruhi wa kichwa wa kipande hicho, sawa na wa bodaboda wa Kilosa, huwa na safari ndefu ya rufaa: Morogoro kwanza, na wengine hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, takriban kilomita 300 kutoka Mikumi mjini. Njiani ubongo huvimba, na dawa iliyo karibu ni manitoli, inayovuta maji kutoka kwenye ubongo yaingie kwenye damu na kutoka kwa mkojo. Imeokoa wengi. Tatizo ni kuipima kwa chupa.

Chupa ya mililita 500 ya asilimia 20 ina gramu 100. Majeruhi wa kilo 60, hata kwa kipimo cha juu cha gramu 1 kwa kilo, anahitaji mililita 300 tu, kwa dakika 20 hadi 30. Akitundikiwa chupa nzima kituo cha kwanza, nyingine Morogoro na ya tatu Dar es Salaam, siku haijaisha ana gramu 300. Figo zilizokuwa nzima zimeripotiwa kushindwa hasa mtu akivuka gramu 200 kwa siku. Mwenye kisukari au figo dhaifu huumia mapema zaidi.

Manitoli hutoka kwa figo, karibu yote kama ilivyoingia. Ikizidi, mishipa inayoleta damu kwenye figo hubana, na seli za vijirija vyake huvimba. Saa za mwanzo ndizo zinazodanganya: mfuko wa mkojo unajaa upesi, mkojo mweupe kama maji, na wodi inatulia. Mkojo huo umevutwa na dawa. Hauthibitishi kwamba figo ni nzima. Tena unamkausha mtu aliyekwisha kupoteza damu, kwa hiyo lazima afidiwe kwa dripu ya chumvi. Mkojo ukikatika, kuongeza manitoli ili kuusukuma ni kosa la hatari: dawa inabaki kwenye damu, sodiamu inashuka, mapafu yanaweza kujaa maji.

Manitoli ikisimamishwa mapema, figo nyingi hurudi. Kusafisha damu kwa mashine huiondoa haraka. Mashine hizo haziko kila hospitali ya barabarani, lakini karatasi ya rufaa iko. “Amepewa manitoli” haimsaidii daktari anayempokea usiku wa manane. Aandikiwe: kilo 60, gramu 30, saa 2:15 usiku, mkojo mililita 900.