Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mwanafunzi wa usanifu majengo huujua ukuta kwanza kama mistari miwili iliyokwenda sambamba. Anaichora bila kutoa jasho, na ukuta umesimama. Nilimaliza chuo nimechora kuta mamia kwa mamia, sijakanyaga udongo wa hata mmoja. Bibi yangu, ambaye penseli hajawahi kuishika, alikuwa akiikandika nyumba yake kila masika yalipokwisha.

Ndiyo maana nikisikia habari za wanafunzi wanaojitolea kwenda kujenga shule au zahanati nchi za mbali, swali langu huwa moja: nani alimfundisha nani?

Jibu linaloniridhisha liko Rudrapur, kijiji cha wilaya ya Dinajpur, kaskazini mwa Bangladesh. Anna Heringer, Mjerumani, alifika huko akiwa na umri wa miaka 19, akajitolea kwa Dipshikha, shirika la wenyeji, akakaa karibu mwaka mzima akijifunza. Baadaye akasomea usanifu Linz, Austria, na mwaka 2004 kazi yake ya kuhitimu ikawa ramani ya shule ya kijiji kile kile. Mwaka 2005 akarudi na msanifu mwenzake, Eike Roswag, wakaijenga pamoja na mafundi wa pale. Mwaka 2007 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Tuzo tuiweke kando, tuutazame ukuta. Udongo hutiwa maji na nyasi za mpunga, ng'ombe na nyati wa kufugwa wakaukanyaga mpaka ushikamane. Kisha hurundikwa, bila mbao za kuushikilia, mpaka kimo cha sentimita 65 hivi. Hapo fundi anaweka chini vyombo na kungoja. Siku chache zikipita, anashika chepe lenye makali na kuuchonga ubavu, kama muuza halua anavyosawazisha kingo za sinia. Akiuwahi, unamomonyoka. Akichelewa, chepe linadunda. Akishauchonga anangoja tena, kama wiki moja, ndipo tabaka jingine lipande juu yake.

Kungoja huko hakuna mstari kwenye ramani. Bibi alikupima kwa kidole gumba: alibonyeza ukuta, akatazama alama, akaamua kama leo ni siku ya kusiriba au ya kwenda shamba. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa kwenye ncha ya kidole.

Wala sisemi kwamba mgeni hana lake. Nyumba nyingi za udongo za huko Rudrapur zilisimama moja kwa moja juu ya ardhi, na unyevu ukazila miguu. Shule ile ilipewa msingi wa matofali na nailoni ya kuzuia unyevu usipande. Udongo ulibaki ule ule, na mikono ikabaki ya wenyeji. Kwa hiyo ukuta ukipata ufa, hakuna wa kumpigia simu Ulaya. Wa kuuziba yuko jirani.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisema methali hii kumsuta mgeni mvivu, lakini mimi naisikia pia kama heshima. Aliyekabidhiwa jembe si wa kuandaliwa mkeka tena. Amekuwa mtu wa nyumba. Anayekuja wiki mbili, akapiga picha na tofali mkononi na kuondoka, siku yake ya tatu haikufika.

Yangu ilichelewa sana. Masika yaliyopita yalipokwisha nilikwenda kwa bibi, nikakunja suruali, nikaingia kwenye udongo. Baada ya nusu saa nikamwita aje aone. Alichota kidogo, akaufinya, ukamchuruzika kati ya vidole.

"Bado, mume wangu," akasema. "Kanyaga."

Nikakanyaga.