Embaire Nzuri Hujulikana kwa Ubao Wake

Uzito peke yake haukwambii kitu kuhusu embaire, marimba kubwa ya Wasoga wa Uganda, mpaka ujue umetokana na nini: mti wenyewe, au maji yaliyobaki ndani yake. Mnunuzi huinua ubao, akauona mzito, akaamini una sauti nene. Ubao mbichi nao ni mzito, lakini ukiupiga hutoa kishindo kinachokufa palepale.

Mti unaosifiwa ni musambya, ambao Waluhya ng'ambo ya mpaka, Kenya, huuita lusiola. Tafuta ubao mgumu wenye uzito wa wastani, uliokauka hadi moyoni, nyuzi zake zikienda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Kifundo kikubwa katikati ya ubao ni sababu tosha ya kuukataa. Vumbi laini upande wa chini huonyesha kwamba wadudu wameshaingia.

Sasa usikilize. Ubane ubao kwa vidole viwili karibu na asilimia 22 ya urefu wake kutoka ncha moja, uuache uning'inie, kisha ugonge katikati. Hapo uliposhika mti hautingishiki, ndiyo maana vigogo vya migomba vinavyobeba embaire huwekwa karibu na sehemu hizo. Sauti ikikatika upesi, rudisha ubao. Wala usikubali kujaribishiwa embaire juu ya meza: bila mgomba mbichi na laini chini yake, hata ubao bora hunyong'onyea.

Kisha geuza kila ubao. Wengi hudhani ubao ukipunguzwa unene sauti hupanda. Si kila mahali. Ukichongwa chini, katikati, sauti hushuka. Ukipunguzwa kwenye ncha, hupanda. Urefu una nguvu zaidi: kata ubao nusu, unene ukiwa uleule, sauti itapanda oktava mbili. Kwa hiyo ubao wenye shimo refu tumboni ulikuwa mfupi mno kwa sauti uliyopewa, na fundi akaulazimisha. Mimi huuacha, hata ukiwa na sauti sahihi siku hiyo. Kwa kuwa oktava ya embaire ina hatua tano zinazokaribia kulingana, hesabu kuanzia ubao wowote: wa sita ndio oktava yake. Zipige mbili hizo pamoja.

Mbao ndefu za chini zinahitaji msaada wa ardhi. Kundi la Nakibembe, ambalo albamu yake ilitolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka 2023, hupiga embaire juu ya shimo lililochimbwa, na besi yake husikika hadi kwenye nyayo. Mbale, kwa Wagisu, mambo ni tofauti: ngoma za kadodi hutembezwa barabarani nyakati za imbalu, yaani tohara, katika miaka ya shufwa, kwa hiyo ngoma nyepesi ni heri kwa bega la mpigaji. Embaire haitembei. Usiogope ubao mzito, mradi umekauka.

Anayeishi Mbale kando ya mto Nabuyonga ajue kwamba unyevu hushusha sauti na kufupisha mlio. Baada ya kupiga, ondoa mbao juu ya migomba, zitie namba, uzipange penye hewa, mbali na sakafu.